Tumealikwa kwenye andiko la Horizon Europe kuhusu mwani, naomba ushauri kabla hatujajibu

BintiBamvua:
Assalamu alaykum wanajukwaa. Nipo Unguja, kwenye asasi ndogo ya watu watano. Tunafanya kazi na wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, na karibu wote ni wanawake. Shida ya huku wengi mnaijua: maji yanapata moto, na kotonii, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei, ndiyo ya kwanza kufa. Bamvua iliyopita, maji yalipokupwa sana, nilikuwa shambani na mama mmoja. Kainua kamba, mwani ukamkatikia mkononi, umepauka kama nailoni iliyoachwa juani. Kamba nzima ilikuwa hivyo. Akaikunja, akaiweka begani, akaenda kuinua ya pili.

Sasa chuo kimoja cha Ulaya kimetuandikia kinataka tuwe washirika kwenye andiko la kuomba fedha za Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti. Wanataka namba ya PIC, maelezo ya asasi, na barua yenye saini kabla mwezi haujaisha. Bajeti nzima ni euro milioni 4. Sisi tumewekewa euro 18,000, na kazi tuliyoandikiwa ni "kuhamasisha jamii". Majaribio ya mbegu kwenye kina kirefu, ambayo ni kazi yetu ya kila siku, wamejipa wao.

Naomba kujua: asasi ya Zanzibar inaweza kulipwa na Ulaya? Hiyo PIC si mtego wa matapeli? Na tukidai fungu kubwa zaidi, hawatatuacha?

Mwandishi wa Kimara:
Wa alaykum salaam dada. Kwanza ondoa hofu. PIC ni namba ya tarakimu 9 ya kuitambulisha taasisi. Unajisajili mwenyewe kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya, bila malipo. Atakayekuomba hata euro 50 ya usajili, huyo mwizi.

Kulipwa mnalipwa. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi za kipato cha chini na cha kati ambazo taasisi zake hupata ruzuku moja kwa moja, sawa na Kenya na Uganda. Ila muelewe jambo moja: sharti la kawaida la ubia ni taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au zilizojiunga na mpango huu, na angalau moja iwe ndani ya Umoja. Nyinyi hamhesabiwi kwenye hizo tatu. Mnaongezwa juu yake.

Kwa hiyo kabla ya yote, waombe namba ya mwito, yaani tangazo la Tume la kukaribisha maandiko, kisha usome maandishi yake mwenyewe, neno kwa neno. Baadhi ya miito inayolenga Afrika inataka washirika wa Afrika kwa lazima. Kama huu ni mmojawapo, wao wanakuhitaji kuliko wanavyokuambia.

Mtafiti_Kisumu:
Dada, hili limenipata, nitakueleza lote.

Miaka kadhaa nyuma taasisi yetu iliingia kwenye mradi wa aina hii kwa haraka, siku nne kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Tukapewa "kuhamasisha". Mradi ukashinda. Kazi halisi ikawa kukusanya sampuli ziwani, kukodi boti, kulipa vijana, kuzuia samaki wasioze. Fedha zikaisha mwaka wa kwanza, mradi ulikuwa wa miaka minne. Kila tukiandika kuomba nyongeza jibu lilikuwa moja: bajeti ilishasainiwa. Niliwaangalia wale vijana machoni nikawaambia hakuna hela, na bado sijalisahau.

Hivyo fungu lako lipiganie sasa, andiko likiwa bado rasimu. Anza na kazi, usianze na hela. Andika bamvua ngapi kwa mwaka, boti ngapi, kamba, mtu wa kupima joto la maji, mama wangapi watalipwa kwa siku zao shambani. Jumlisha. Tuseme imefika euro 80,000. Juu ya hapo kuna asilimia 25 ya gharama za uendeshaji, yaani euro 20,000 nyingine kwa ajili ya kodi ya ofisi, umeme, mhasibu. Hiyo asilimia ni haki ya kila mshirika, lakini kazi mnazowapa wakandarasi wa nje hazihesabiwi humo. Waulize wazi kama wameiweka. Kwetu mratibu, yaani anayeongoza ubia, hakuitaja, na sisi hatukuuliza.

Pia omba kuongoza kifurushi cha kazi, yaani sehemu moja kubwa ya mradi, au angalau jukumu moja la majaribio. Asiyeongoza chochote huwa wa kwanza kukatwa bajeti ikibanwa.

Mkaazi wa Utrecht:
Naongezea kidogo kwa jicho la wanaosoma maandiko. Vigezo ni vitatu: ubora wa kisayansi, manufaa yatakayopatikana, na utekelezaji. Kila kimoja kina alama 5. Chini ya 3 kwenye kimoja, au chini ya 10 kwa jumla, andiko limeanguka. Kufika 10 tu pia hakuleti fedha, maana ushindani ni mkali mno. Msomaji akiona majaribio ya mwani wa Zanzibar yanaongozwa na watu wasiokaa Zanzibar, na wanaokaa huko wamepewa semina, kigezo cha utekelezaji kitaumia. Mwambie mratibu hivyo hivyo, kwa adabu. Si ombi la huruma, ni alama zake.

BintiBamvua:
Allah awalipe kheri nyote. Mtafiti_Kisumu, pole sana kwa yaliyokukuta. Nimeuliza namba ya mwito, nimeipata, na kweli washirika wa Afrika ni sharti! Maswali mawili yamebaki. Wakaguzi wakija wanataka nini? Na ile barua tuisaini?

Mwandishi wa Kimara:
Mkataba na Tume husainiwa baada ya kushinda, siyo sasa. Hiyo barua isome: kama ni ya kuthibitisha nia ya kushiriki, haina tabu. Kama inataja kiasi cha fedha, usisaini mpaka bajeti ikae sawa.

Kuhusu ukaguzi, kama ruzuku ni ya gharama halisi, kila mfanyakazi awe na mkataba, salari slipu, na rekodi ya siku alizofanyia mradi, imesainiwa kila mwezi. Risiti za boti pia. Manahodha wengi hawatoi risiti, basi chapisheni kitabu chenu cha malipo, nahodha asaini au aweke dole gumba. Kama ni ya malipo ya jumla kwa kila kazi iliyokamilika, hawatafukua risiti, ila kazi isipokamilika hamlipwi.

Mtafiti_Kisumu:
Na mbegu zenyewe! Mwani ukisafirishwa kwenda maabara ya Ulaya, kuna Itifaki ya Nagoya ya 2010 kuhusu mgawanyo wa faida za viumbe hai. Muandikishane mapema nani anamiliki kitakachogunduliwa, na wakulima wawemo. Vibali vya utafiti mvifuatilie nyinyi, na siku za kuvifuatilia ziwe kwenye bajeti.

Mkaazi wa Utrecht:
Mwisho wa kupokea maombi huwa saa 11 jioni ya Brussels. Majira ya baridi hiyo ni saa 1 usiku kwenu. Mwambie mratibu akuonyeshe jedwali la mwisho la bajeti wiki moja kabla, siyo siku ileile.

BintiBamvua:
Nimerudi na habari. Jana tumeongea na mratibu kwa saa nzima. Nilimtumia hesabu ya bamvua 24 za mwaka, boti na posho za kina mama, pamoja na ile asilimia 25. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema hakujua kuwa majaribio ya kina kirefu tumeshayaanza wenyewe. Sasa jukumu la majaribio tunaliongoza sisi, na fungu limefika euro 112,000. Suala la mbegu amesema atalipeleka kwa wanasheria wa chuo, bado nalisubiri kwa maandishi. Barua sijasaini.