Mrejesho: wakala sasa anaziona kumbukumbu zilizobadilika

Wakuu, niliuliza kwa nini wakala wangu wa akili mnemba akitafuta kumbukumbu zilizobadilika karibuni kwenye hifadhidata yangu ya SQLite anaambulia patupu, wakati nimetoka kuzirekebisha sasa hivi. Nimepata jibu.

Kwanza nilikuwa na safu ya tarehe ya kuundwa tu. Nikaongeza ya kubadilishwa, inayojazwa na triga (amri inayojiendesha yenyewe kila kumbukumbu ikibadilika). Bado patupu! Kumbe CURRENT_TIMESTAMP ya SQLite (inayoweka saa ya sasa) huandika saa za UTC, yaani saa rasmi za kimataifa, na zana anayotafutia wakala inauliza kwa saa za Dar, zilizo mbele kwa saa 3. Badiliko la 10:15 limeandikwa 07:15, kwa hiyo ukiuliza "tangu 10:00" halionekani. Sasa kila kitu ni UTC.

Jana nilibadilisha bei ya unga, akaisoma papo hapo. Mkuu uliyesema nichunguze saa, ahsante sana. Nilishakesha usiku mbili.