Mkono wa roboti umeshindwa chupa ya gramu 200: nibadilishe chuma au mota?

Mwl_Moro
Wakuu, nasimamia klabu ya sayansi ya kidato cha tatu hapa Morogoro. Baada ya wiki tano tuna mashindano: mkono uokote chupa ya gramu 200 mezani, uiweke juu ya rafu. Uzito wa roboti usizidi kilo 3.

Tumejenga kwa flati baa za chuma, upana milimita 20, unene 3, mbili sambamba. Bega hadi kiwiko sentimita 18, kiwiko hadi vidole 15. Sevo (mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru) ni MG996R nne: kitako, bega, kiwiko, vidole. Bila mzigo unapanda kwa kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ukiupa chupa, bega linanguruma, Arduino (bodi ndogo inayoziamuru sevo) inazima na kuwaka, basi. Jana sevo ya bega ilianza kunuka. Nikaigusa, nikatoa kidole mbio. Vijana wanacheka, mimi nahesabu hela: imebaki elfu sitini. Ninunue mota kubwa, au nihamie akriliki?

fundi_madirisha
Mwalimu shikamoo. Usinunue kitu kwanza, piga hesabu ya wenzo. Flati baa hiyo ni kama gramu 4.7 kwa sentimita. Unazo sentimita 66, yaani gramu 310. Mkono wako umeshabeba chupa moja na nusu kabla haujaiona chupa yenyewe.

Sasa begani, kilo mara sentimita kutoka kwenye mhimili: chupa 0.2 mara 33 ni 6.6. Chuma, uzito wake uko katikati, 5.1. Sevo ya kiwiko 1. Vidole na sevo yao, tuseme gramu 100 kwenye sentimita 30, ni 3. Jumla karibu 15.7 kilo-sentimita. MG996R kwa volti 6 inatoa 11, na hapo ndipo inapokwama. Mimi huihesabia nusu.

Akriliki achana nayo, ukikaza skrubu inapasuka kwenye tundu. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, omba vipande vya mabaki. Kwa vipimo hivyohivyo utapata gramu 107. Sisi tunavitupa.

KirinyagaRoad
Mwalimu, huku Nairobi vijana hutumia mota ya waipa ya gari. Gia yake ni ya parafujo, ukizima umeme mkono haudondoki. Unaufungia kirekebisha sauti cha redio kuu kuu ili programu ijue umefika wapi.

Mwl_Moro
Nimepima moja gereji: kilo na ushei. Nikiiweka, kilo 3 zangu zinaishia kwenye kitako. Asante lakini, ya mwakani hiyo.

risasi_na_solda
Hakuna aliyeuliza umeme unatoka wapi. Nakisia sevo zote zinanyonya kwenye pini ya volti 5 ya Arduino. MG996R moja ikikwama inataka ampea 2.5, ndiyo maana bodi inazimika. Tafuta betri ya taa ya kuchaji, ile ya volti 6, ampea-saa 4.5. Ilishe sevo moja kwa moja, na hasi ya betri ikutane na hasi ya Arduino, la sivyo kila sevo itacheza ngoma yake.

Halafu pima sevo zako. Funga kijiti, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja sentimita 5 kutoka kwenye mhimili. Sevo nzima inainua bila kulalamika.

Mwl_Moro
Wakuu, mrejesho. Tulizipima zote nne. Tatu ziliinua, ile ya bega ikatoa *krrr* na chupa ikashuka. Tukaifungua: nje imeandikwa gia za chuma, ndani gia moja ni ya plastiki nyeupe, meno mawili hayapo. Nikanunua mbili, safari hii nilimwomba muuzaji afungue kifuniko mbele yangu. Alinuna, akafungua.

Begani sasa zipo mbili zinazotazamana. Moja ikiambiwa nyuzi 60, nyingine inaambiwa 120. Siku ya kwanza tulisahau, zikavutana hadi bolti ikapinda. Baa sasa ni za aluminiamu. Vidole tumevipa SG90, sevo ndogo ya gramu 9, nayo umeme wake unapitia dayodi moja ya kupunguza volti kidogo, kwa sababu betri ikijaa inazidi volti 6. Kwa hesabu ya fundi bega limeshuka hadi karibu 11, na sevo mbili zina 22. Nyuma ya bega binti mmoja wa klabu amefunga vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kama manati, vinasaidia kuvuta juu. Sikumfundisha mimi.

Leo chupa imepanda rafuni mara tisa kati ya kumi. Ya kumi ilianguka wakati wa kuachia: vidole vilifunguka kwa pupa, sasa vinaenda nyuzi moja moja, milisekunde 15 kila hatua.