Nyonga mbovu ni ya kulia: mbona kiuno kinashuka kushoto, na mwili unalalia kulia?

Mwanafunzi_Utengamao:
Wakuu, habari zenu. Tunasoma nyonga na kuna jambo limenikwama. Tunafundishwa kwamba mwenye misuli dhaifu ya nyonga ya kulia akisimama kwa mguu wa kulia, fupanyonga linashuka upande wa kushoto. Sawa. Lakini wodini mgonjwa wa aina hiyohiyo akitembea, kifua chote kinalalia kulia na kiuno cha kushoto hakishuki hata kidogo. Tushike lipi? La pili ni fimbo. Tunaambiwa aishike mkono wa kushoto, yaani upande mzima, na wagonjwa karibu wote wanafanya kinyume. Naomba maelezo yenye hesabu.

Mtaalamu_Viungo:
Karibu mdogo wangu. Yote mawili ni kweli, na yanatoka kwenye udhaifu uleule.

Mtu akisimama kwa mguu wa kulia, kichwa cha fupa la paja la kulia ndicho egemeo, na fupanyonga limekaa juu yake kama ubao wa pembea. Upande wa ndani kuna uzito wa mwili wote isipokuwa mguu uliokanyaga, na uzito huo unavuta kushoto kwenda chini. Upande wa nje kuna gluteasi midiasi na gluteasi minimasi. Juu misuli hii imejishika ubavuni mwa fupanyonga, chini imejishika kwenye trokanta kubwa, ule mfupa unaougusa ukiweka kiganja ubavuni mwa paja juu kabisa. Tensa fasia lata, msuli mdogo ulio mbele kidogo ya hiyo, inaongeza nguvu kidogo. Yote mitatu inapata neva moja, gluteali ya juu, kutoka mizizi ya neva ya uti wa mgongo L4, L5 na S1.

Sasa hesabu. Chukua mtu wa kilo 60. Mguu mmoja ni kama sehemu moja ya sita ya uzito, kwa hiyo juu ya egemeo zinabaki kilo 50. Kutoka katikati ya kiungo hadi mstari wa uzito ni kama sm 10, hadi mstari wa msuli kama sm 5. 50 × 10 = 500, hivyo msuli unatakiwa kuvuta kwa nguvu ya kilo 100. Kichwa cha fupa kinabanwa na vyote viwili: kilo 150, mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, na hapo mtu kasimama tu. Namba nimezifanya za mviringo na mvuto nimeuchukua kama wa wima, ila uwiano ndio huo.

Msuli usipofikisha hizo kilo 100, fupanyonga linashuka kushoto. Hiyo ndiyo alama aliyoieleza daktari wa upasuaji wa Kijerumani Friedrich Trendelenburg mwaka 1895. Njia ya pili ni mgonjwa kujiokoa: analaza kifua kulia, mstari wa uzito unasogea juu ya kiungo. Ukibaki umbali wa sm 3, msuli unadaiwa kilo 30 tu na kiungo kinabeba 80 badala ya 150. Angalia hapo vizuri: hata mwenye misuli imara lakini kiungo kinauma atalalia upande huohuo, kwa sababu anapunguza mbano. Kwa hiyo mwendo peke yake hautoshi kusema misuli ni dhaifu.

Dada_Fizio:
Naongezea fimbo. Ikiwa mkono wa kushoto, inasukuma juu umbali wa kama sm 40 kutoka nyonga ya kulia. Akiikandamiza kwa kilo 8 tu: 8 × 40 = 320. Toa kwenye zile 500, msuli unabaki na kazi ya kilo 36, na kiungo kinabeba 78. Akiishika kulia, fimbo inasukuma juu upande wa nje wa egemeo, yaani inasaidia kushusha kushoto. Nafuu anayoisikia inatokana na kuulalia mkongojo mwili mzima, na mgongo ndio unaolipa.

Urefu: mgonjwa avae viatu, mikono ining'inie, kipini kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kinakunja nyuzi 20 hadi 30. Fimbo na mguu mbovu vinatoka pamoja. Kwenye ngazi, akipanda mguu mzima unatangulia. Akishuka, fimbo na mguu mbovu vinatangulia.

Na muulize anabebaje maji, hili tunalisahau sana. Ndoo ya lita 10 mkono wa kushoto inafikisha mbano wa nyonga ya kulia karibu kilo 240. Ndoo hiyohiyo mkono wa kulia, upande unaouma, inaleta kama 120, chini hata ya kusimama mikono mitupu. Kichwani ni kama 180. Wengi wanabeba upande mzima kwa nia njema kabisa, na ndio unaowaumiza.

Mwanafunzi_Utengamao:
Asante sana dada, hiyo ya ndoo sikuwahi kuifikiria. Kipimo chenyewe kinafanywaje ili kisinidanganye? Na mazoezi tuanzie wapi?

Mtaalamu_Viungo:
Kaa nyuma ya mgonjwa, weka vidole gumba kwenye vile vishimo viwili juu ya makalio. Akunje goti la mguu wa kushoto, mguu uende nyuma, nyonga ikunjwe kama nyuzi 30 tu. Akiinua paja hadi nyuzi 90, anaweza kupandisha kiuno kwa misuli mingine na ukakosa alama. Aguse meza kwa ncha za vidole, asiegemee. Mwambie apandishe kiuno cha kushoto, abaki hivyo sekunde 30. Wengine wanaweza mwanzoni, wanaanza kushuka sekunde ya 15 au 20, na hao ndio wanaopotea ukipima kwa haraka. Ukiona kifua kinalalia kulia, mnyooshe kisha rudia. Maumivu makali au kukosa mizani kunaleta jibu la uongo, na mtoto wa chini ya miaka 4 hapimiki vizuri kwa njia hii.

Zoezi la kuanzia ni kulalia ubavu mzima na kuinua mguu wa juu, na hapo ndipo makosa yanapojaa. Kiuno kinaviringika kwenda nyuma, vidole vinaangalia dari, paja linakuja mbele, kisha tensa fasia lata na misuli ya kukunja nyonga ndiyo inayofanya kazi. Mlaze ubavu, mgongo na makalio vikigusa ukuta, kisigino kiteleze ukutani, vidole viangalie mbele au chini kidogo. Ainue nyuzi 30, ashikilie sekunde 5, mara 10, mizunguko 3. Akizoea, asimame juu ya kipandio cha sm 10, ashushe na kupandisha kiuno cha upande wa pili huku goti la kusimamia likiwa limenyooka.

Kama maumivu yako palepale juu ya trokanta, usimvute kwa kuvusha paja kwenda ndani. Kano za midiasi na minimasi zinabanwa kwenye mfupa. Asipishanishe miguu akikaa, na alale na mto katikati ya magoti.

Mifupa_OPD:
Msiishie kwenye misuli. Pembe ya shingo ya fupa la paja ni kama nyuzi 125 hadi 130. Ikipungua, trokanta inapanda na msuli unalegea ingawa ni mzima. Nyonga iliyoteguka tangu kuzaliwa haina egemeo la kuaminika. Kwa mwenye selimundu, fikirieni kichwa cha fupa kinachokufa kwa kukosa damu. Mazoezi hayatibu haya.

Mtoto akichechemea na kulalamikia goti, pimeni nyonga hata kama hajaitaja. Neva ya obturata inahudumia vyote viwili. Alale chali, nyonga na goti nyuzi 90, peleka sehemu ya mguu iliyo chini ya goti upande wa nje, linganisha na mwenzake. Mzunguko huo wa paja kwenda ndani mara nyingi ndio unaopotea mapema. Na kijana wa miaka 10 hadi 16 ambaye ukimkunja nyonga paja linageukia nje lenyewe, asikanyage tena mguu huo. Abebwe siku hiyohiyo hadi penye daktari wa mifupa na picha ya eksirei ya nyonga zote mbili, ya mbele na ya ubavu, kwa kuwa kichwa cha fupa huenda kinateleza kutoka kwenye shingo yake na kila hatua inakisogeza.