Ngamia na tundu la sindano: vitabu vya ufafanuzi vinapingana, naomba ushauri

Mtafuta Neno: Bwana asifiwe wapendwa. Jumamosi naongoza somo la Mathayo 19:24 kwenye kikundi chetu, pale Yesu anaposema ni rahisi zaidi ngamia kupita katika tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Kitabu kimoja cha ufafanuzi kinasema tundu la sindano lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ngamia akilipita kwa kushushwa mizigo na kupiga magoti. Kingine kinasema lango hilo halikuwepo. Kinachoniumiza, mwaka jana nilifundisha habari ya lango na watu wakabarikiwa. Nishike kipi?

Mzee wa Zamu: Mpendwa, vifunge vyote kwanza. Soma mstari wa 16 hadi 26, taratibu, hata mara tatu. Wanafunzi walishangaa mno, wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Yesu akajibu: “Kwa wanadamu hilo haliwezekani, bali kwa Mungu yote yawezekana.” Sasa kama ngamia angepita kwa kupiga magoti tu, walishangaa nini? Lango linalifuta jibu la Bwana mwenyewe. Ukishaliona hilo, fungua vitabu na ukiulize kila kimoja: umeyatoa wapi haya? Lango hilo halina ushahidi wowote wa wakati wa Yesu.

Binti Sayuni: Mimi nilifundishwa ni kamba, siyo ngamia.

Mzee wa Zamu: Hilo lina chanzo, binti yangu. Kwa Kigiriki *kamelos* ni ngamia, *kamilos* ni kamba nene. Tofauti ni herufi moja. Askofu Kirilo wa Aleksandria, karne ya 5, aliielewa kuwa kamba. Ila nakala za kale karibu zote zina ngamia. Na kamba ya meli nayo itapitaje kwenye sindano? Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inamtaja tembo apitaye tundu la sindano, kwa maana ya jambo lisilowezekana kabisa.

Msomi Mdogo: Usivitupe lakini. Kitabu cha ufafanuzi ndicho kilichonionyesha kwamba Luka anayaleta maneno haya sura ya 18, na sura ya 19 tu anaokoka Zakayo, tajiri. Nilikuwa nimezisoma miaka mingi bila kuziunganisha.

Mtafuta Neno: Mungu awabariki. Zakayo sikuwahi kumfikiria hapa! Jumamosi naanzia mstari wa 16, vitabu baadaye. Na kabla ya yote nitawaambia wenzangu kwamba lile lango nililowafundisha nililipokea bila kulichunguza.