Tupeane uzoefu: Uliijua lini habari ya Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa ndani ya lile dude la filamu ya "Alien"?

Mwenye uzi, Dar es Salaam

Wakuu, heshima yenu. Nianze na mimi kabla sijawauliza ninyi.

Alien niliiona nikiwa darasa la sita, kibanda umiza cha mtaani kwetu. Mabenchi ya mirunda, turubai jeusi madirishani, na ukikosa kiingilio unachungulia kwenye tundu la msumari mpaka ufukuzwe. Kanda ilikuwa imechoka, picha ina mchirizi mweupe katikati, na mwenye deki kila baada ya muda anaichomoa, anapuliza, anarudisha. Hakukuwa na wa kututafsiria. Ubishi ulikuwa mmoja tu: steringi ni nani? Maana kila tuliyemteua alikuwa anakufa, na kwa sheria ya kibanda, steringi hafi. Mwishoni akabaki mwanamke na paka. Kuna baba mzima alisusa, akadai arudishiwe hela yake.

Mimi nilitoka na lile dude kichwani. Refu, jembamba, jeusi linang'aa kama limemwagiwa oili chafu, kichwa kirefu kama mkungu wa ndizi, macho hayaonekani. Usiku ule nililala katikati ya mama na ukuta. Na miaka yote nikaamini ile ni mashine ya Wazungu.

Mwaka jana kijana wangu, tunaangalia pamoja, ananiambia, "Baba, huyo mle ndani ni Mnigeria." Nikamwambia aache utani. Akanionyesha picha: kijana mweusi mwembamba, amevaa suti ya dude kuanzia shingoni kwenda chini, kichwa bado hakijawekwa. Nilinyamaza kidogo.

Kwa ambao hamjui: Bolaji Badejo, Myoruba, alizaliwa Lagos mwaka 1953. Baba yake alikuwa mtu wa redio, aliwahi kuliongoza shirika la utangazaji la Nigeria. Kijana amekaa Ethiopia, amepita Marekani, akaishia London akisomea sanaa ya grafiki. Uigizaji hakuwahi kuusomea wala kuuwaza. Mwaka 1978 yuko zake baa, London, wakala mmoja wa waigizaji aitwaye Peter Archer akamwona. Wakati huo Ridley Scott, mwongozaji wa Alien, alikuwa anahangaika. Mchoraji wa Kiswisi, H.R. Giger, alishachora kiumbe chenye miguu na mikono mirefu kupita ya binadamu wa kawaida, na Scott hakutaka mtazamaji akiona aseme "ah, mtu kavaa gunia". Sasa huyu bwana ana futi 6 na inchi 10, na amekonda. Alipofika mbele ya Scott, utafutaji ukaishia hapo.

Filamu ikatoka 1979. Hakucheza nyingine. Alirudi Nigeria, akajishughulisha na sanaa, akafariki Lagos Desemba 1992 akiwa na miaka 39. Hiyo moja tu, na ndani ya hiyo moja sura yake haionekani hata sekunde.

Sasa tupeane uzoefu. Ulijuaje? Au wewe mwenyewe umewahi kufanya kazi ya kufichwa ndani ya kitu, watu wanashangilia kitu, wewe hawakuoni? Warefu pia karibuni, najua mna mengi.

Mchangiaji, Temeke

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi nimekuwa kuku.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma. Kampuni moja ya promosheni ikatafuta vijana wa kuvaa mdoli kwenye maonyesho. Shilingi elfu kumi na tano kwa siku na maji chupa mbili. Vazi lenyewe ni sponji la godoro lililofunikwa manyoya ya njano, kichwa kina fremu ya waya, na unaona nje kupitia mdomo wa kuku. Kulikuwa na feni ndogo ndani ya kichwa. Betri ilishakufa zamani, iliachwa tu iwe mzigo.

Siku ya kwanza nikajifanya mchangamfu, nikaruka, nikacheza, nikakimbizana na watoto. Baada ya dakika kumi naona nyota. Jasho linaingia machoni na huwezi kujifuta kwa sababu mikono ni mabawa. Kaka mmoja aliyekuwa tembo (alikuwa na misimu mitatu kwenye tembo) akanivuta nyuma ya hema akaniambia, "Dogo, usicheze. Tembea pole pole. Geuza kichwa pole pole. Watu wenyewe watacheka."

Ndiyo maana niliposoma kwamba Badejo alipelekwa mafunzo ya tai chi (mazoezi ya Kichina ya mwendo wa pole pole) na ya kuigiza bila maneno ili ajifunze kwenda taratibu, nilijisemea hawa walijua. Ukiwa mle ndani, kila haraka unailipia. Na kile kichwa chake alikuwa anakaa nacho dakika kama 15 hadi 20, wanamvua apumue.

Halafu mkia! Jamani mkia. Suti ikishafungwa, Badejo hakuweza kukaa kwenye kiti kwa sababu ya mkia, ikabidi watengenezewe bembea, yeye na mkia wake, awe anapumzikia pale kati ya shoti na shoti. Mimi bembea sikupata. Nilipindua kreti la soda nikaegemea nalo ukutani, msimamizi akaja juu: "Kuku hakai!" Kuku anataga akiwa amesimama? Sikumjibu, nilikuwa nahitaji ile elfu kumi na tano.

Mchangiaji, Arusha

Wakuu, tusikuze mambo kwa kuwa ni Mwafrika mwenzetu. Kwanza dude lenyewe linaonekana dakika chache mno kwenye filamu nzima. Pili, hakuwa peke yake: sehemu za kuning'inia na za hatari walifanya wataalamu wa michezo hiyo ya hatari, Eddie Powell na Roy Scammell. Tatu, kichwa kinachofumbua mdomo kwa karibu ni ufundi wa Mwitaliano Carlo Rambaldi, nyaya zinavutwa kutoka nje. Tuzo ya Oscar ya 1980 walipewa watu wa picha za kiufundi, akina Giger na Rambaldi na wenzao. Huyu alikuwa henga ya nguo.

Mchangiaji, Temeke

Mkuu wa Arusha, wewe hujawahi kuvaa kitu kizito zaidi ya sweta.

Mwenye uzi, Dar es Salaam

Arusha ana haki ya hoja, na kweli majina ya Powell na Scammell yanastahili kutajwa. Lakini "henga ya nguo" nakataa. Suti ilifinyangwa juu ya mwili wake, walimpaka plasta kupata umbo lake, halafu vipande vya mpira vikatengenezwa kimoja kimoja vya kumvaa yeye na si mtu mwingine. Ukiona lile dude limejikunja kwenye kona ya chombo cha dharura kule mwisho, kisha mkono unanyooka taratibu kama umetoka usingizini... henga hainyooshi mkono.

Tuendelee.

Mchangiaji, Mombasa

Hamjambo nyote. Mie nina langu dogo. Watu wamemsahau mwenzake Badejo mle mle, yule fundi wa mitambo wa chombo, Parker. Ni Yaphet Kotto, Mmarekani ambaye babake alikuwa Mkameruni. Na huyo Kotto ndiye aliyekuwa Idi Amin katika ile filamu ya uvamizi wa Entebbe ya mwaka 1977! Shangazi yangu aliyekuwa akiishi Kampala miaka hiyo alikataa katakata kuitazama Alien. Akimwona Kotto anasema, "Huyo Amini, mwacheni aliwe."

Sasa wazia: mtu wa asili ya Kameruni anauawa na dude la Lagos, katika studio ya Shepperton, Uingereza. Na sisi tumekaa barazani Mombasa tunasema ni sinema ya Wazungu.

Mchangiaji, Mwanza

Nimesubiri warefu waitwe, hawajajitokeza, acha nije.

Mimi ni mwanamke, futi 6 na inchi 2. Nimeitwa Twiga, Mnara, Nguzo ya Umeme, na kuna mwalimu alikuwa ananiita Ghorofa mbele ya darasa. Daladala nasimama shingo imelala begani. Kitanda cha bweni miguu ilikuwa inatoka nje, wenzangu wananing'inizia taulo. Nikiingia dukani muuzaji ananiuliza kama nacheza kikapu. Sichezi! Naogopa mpira.

Na mimi nilikutana na "wakala" wangu, tena pa kufanana: Badejo baa, mimi kwenye banda la chipsi. Kaka mmoja kavaa miwani ya jua saa mbili usiku, ananizunguka ananitazama kama ng'ombe mnadani, anasema nina mwili wa majarida ya Ulaya. Nikafurahi, kwa mara ya kwanza urefu umekuwa mali. Akataka elfu hamsini ya fomu na elfu thelathini ya picha. Nikakopa kwa dada. Namba yake ilipatikana siku nne.

Kwa hiyo niliposoma kisa cha huyu bwana, jambo la kwanza nililojiuliza ni ujasiri wa kumwamini mtu aliyekukuta baa akakwambia una umbo la kucheza jini la anga za juu. Mimi ningempiga na pochi.

Mchangiaji, Dodoma

Mmesema alifariki na miaka 39 mkapita haraka. Mimi siwezi kupita haraka. Aliuawa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tarehe 22 Desemba 1992.

Mwanangu wa pili anayo. Mimi na baba yake tunabeba kinasaba kila mmoja bila kujua, hatujawahi kuumwa. Ndivyo inavyokuwa, wote wawili mkibeba, kila mimba ni bahati nasibu, moja kwa nne mtoto azaliwe nayo. Tulijua akiwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vimevimba kama tangawizi, analia ukimshika. Kabla ya hapo tulikuwa tunaambiwa ni jicho.

Maisha yetu ni chupa ya maji. Ana chupa shingoni tangu chekechea, kwa sababu maji yakipungua mwilini damu inanata na maumivu yanaanza. Baridi inaleta, joto kali linaleta, kuchoka kunaleta. Kuna shule tulimhamisha kwa sababu ya mwalimu aliyemnyang'anya chupa akisema anatafuta kisingizio cha kwenda kukojoa. Wiki ile alilazwa. Usiku wa maumivu nampasha kitambaa juu ya jiko namkanda mapaja, yeye ananiuliza saa ngapi kutakucha.

Sasa mnaniambia mtu mwenye ugonjwa huu alifungwa ndani ya mpira, chini ya taa za studio, jasho linamtiririka, anavuliwa kichwa apumue, anarudishwa. Simsemei marehemu, sijui mwili wake ulikuwaje siku zile. Ila mimi nikisoma "dakika 15", sioni filamu. Naona chupa ya maji, nauliza nani alikuwa ameishika.

Mwanangu ana miaka 14 sasa, anameza dawa zake, haidroksiyurea na foliki, kila siku, amepunguza kulazwa sana. Anachora. Na anachochora, mtanisamehe, ni madude tu.

Mwenye uzi, Dar es Salaam

Dada wa Dodoma, pole na hongera kwa malezi. Mwambie huyo kijana kuna watu huku wanataka kuona madude yake.

Mchangiaji, Kinondoni

Nimefanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu zetu za Bongo miaka ya 2000. Nilikuwa mtu wa vipodozi, na vipodozi maana yake ilikuwa kila kitu: damu, vidonda, majini.

Mate ya lile dude la Alien ilikuwa jeli, ile ya kulainisha inayotumika hospitalini. Sisi bajeti ya jeli hatukuwa nayo. Tulichemsha mlenda. Nasema kweli: mlenda ukipoa unavutika kama uzi, ukiupiga taa kwa nyuma unang'aa hatari. Tatizo ni inzi. Jini letu lilikuwa linatoka kaburini likipunga mkono kufukuza inzi, mwongozaji anapiga kelele, "Majini hayana inzi!"

Aliyecheza jini alikuwa dereva wa bodaboda wa pale kijiweni, mrefu, mkimya. Vazi nilimtengenezea kwa sponji, gundi ya fundi viatu na mfuko wa salfeti uliochanwa. Ile gundi ilimbabua kiwiko, akapata kovu. Alikuja siku tano mfululizo, hakulalamika. Filamu ilipotoka, majina mwishoni yamejaa mpaka mpishi, yeye hayumo. Nilimuuliza mwongozaji, akasema "aa, jini".

Badejo angalau jina lake lipo pale mwishoni mwa Alien, limeandikwa kama mwigizaji.

Mwaka juzi nilipita kijiweni kwa yule bodaboda, nikamkuta nyumbani kwake, mtoto anaangalia ile filamu yetu kwenye simu iliyopasuka kioo. Mtoto anasema jini la uongo. Jamaa akachukua simu, akarudisha nyuma, akasimamisha pale mkono unapotoka kwenye udongo, akakunja shati, akaweka kiwiko chake kando ya kioo. Mtoto akatazama simu, akatazama kiwiko, akatazama simu.

Mchangiaji, Arusha

Henga ya nguo naifuta.

Mchangiaji, Mwanza

Wa Temeke, weka picha ya kuku.