Tupeane uzoefu: fizikia ya integrali bila mwalimu

Mwana_Himbi (Goma): Bandugu, habari. Najitayarisha kwa mtihani wa kuingia politekniki. Integrali (kujumlisha vipande vidogo vidogo) tulizifanya kwenye hesabu, lakini kwenye fizikia hatukuziona hata siku moja. Muliojifunza peke yenu, mulianzia wapi?

Yaya_Ibanda (Bukavu): Mdogo wangu, wengi hukwama hapo hapo. Integrali ya x² unaijua. Kazi ni kuiandika wewe mwenyewe. Mimi nilishika fimbo moja: urefu L, masi M, inazunguka kwenye ncha yake. Chora. Kata kipande chembamba dx, umbali x kutoka mhimili. Masi yake ni (M/L)dx, mchango wake kwenye momenti ya inesia (ugumu wa kitu kuzungushwa) ni x² mara masi hiyo. Jumlisha toka 0 mpaka L, inatoka ML²/3. Sasa peleka mhimili katikati, mipaka iwe −L/2 mpaka L/2: ML²/12. Rudia mpaka mkono uzoee, ndipo uende kwenye sahani, halafu waya wenye chaji. Kwa waya chora mishale kwanza, maana huko mwelekeo wa nguvu ya umeme nao unahesabika. Video ni nzuri, ila zinakula mega na zinakuachia raha ya kudhani umeelewa.

Fundi_Kenya (Lubumbashi, komini ya Kenya, si nchi!): Yaya, mimi ningeanza na vitu vinavyobadilika kwa wakati. Kitu kinaanguka, hewa inakipinga: m dv/dt = mg − kv (v ni kasi, k ni kipimo cha upinzani wa hewa). Usikimbilie kutatua. Jiulize kwanza, kasi ikiacha kuongezeka itakuwa ngapi? mg/k. Unajua mwisho wa hadithi kabla ya integrali yoyote. Kondensa (kifaa cha kuweka chaji, uwezo wake C) inayojazwa kupitia rezistansi R ina umbo lilelile. Muda wa R mara C ukipita, imefika kama 63% ya chaji yake kamili.

Mama_Pacha (Goma): Mimi nilisoma usiku, watoto wakilala na umeme ukipenda. Kilichonifungua ni sufuria ya maharage. Hapa kwetu tuko karibu mita 1,500, maji yanachemka kwenye 95°C hivi, maharage yanachelewa. Kwa nini? Ukipanda, shinikizo la hewa P linapungua, na maji yanachemka mapema. Kwa kimo h na densiti ya hewa ρ: dP = −ρg dh, na ρ inashuka pamoja na P, kwa hiyo unagawa kwa P pande zote na e inajitokeza yenyewe. Shinikizo linabaki kama 83% ya lile la usawa wa bahari. Mtihani haukuuliza maharage, bila shaka, lakini mlinganyo wa namna hiyo haukunitisha tena.

Mwana_Himbi: Aksanti yaya, aksanti mama. Fimbo imetoka, zote mbili. Sahani inanisumbua: nikate vipande vya mraba ao pete?

Yaya_Ibanda: Pete. Eneo lake 2πr dr (r ni umbali wake kutoka katikati), masi ni hilo mara M/(πR²), R ikiwa nusu-kipenyo cha sahani. Ukipata MR²/2, pita kwenye waya.