Tupeane uzoefu: maneno ya blogu yanayowachanganya wanaoanza

Mwanzisha mada
Wakuu, tuwekeane hapa maneno yanayowakwamisha wanaoanza blogu, pamoja na hasara ya kuyaelewa vibaya.

Naanza na domeni na hosting. Domeni ni anwani anayoandika msomaji. Hosting ni nafasi kwenye seva (kompyuta iliyo mtandaoni muda wote) ambako maandishi na picha zako hukaa. Ni huduma mbili hata ukizilipia sehemu moja. Ukihama seva, domeni inabaki ileile. Unabadilisha seva za majina tu (nameservers, zinazoelekeza domeni iende seva ipi), kisha unasubiri hata saa 48 mabadiliko yaenee. Katika muda huo usifute kitu kwenye seva ya zamani, kwa sababu baadhi ya wasomaji bado wanapelekwa huko.

Domeni husajiliwa kwa muda, kwa mfano .com ni mwaka 1 hadi 10. Hakikisha usajili uko kwa jina lako, si la fundi. Na baruapepe ya usajili isiwe ya domeni hiyohiyo: ikiisha muda, tangazo la kukukumbusha ulipe nalo halifiki.

#2
Mkuu, niongezee hapo. WordPress ni programu ya kuendeshea blogu, na ina njia mbili. WordPress.com ni huduma, wanakuhifadhia wao. Kwenye WordPress.org unachukua programu bure na kuiweka kwenye seva unayoilipia mwenyewe. Anayefuata maelekezo ya huku akiwa kule atatafuta vitufe asivione.

#3
Chapisho lina tarehe, jipya hukaa juu, na huingia kwenye RSS, yaani mlisho unaowapelekea wafuatiliaji machapisho mapya. Ukurasa hauingii kwenye foleni hiyo. Ni wa mambo ya kudumu kama "Kuhusu" na "Mawasiliano". Ukiandika makala zako kama kurasa, wanaofuatilia kwa RSS hawatapata kitu.

#4
Kwangu kubwa ni permalinki, yaani anwani ya kudumu ya kila chapisho. Kwenye WordPress, ingia Mipangilio, kisha Permalinki, chagua jina la chapisho, na ufanye hivyo kabla hujachapisha lolote. Ukibadilisha muundo baadaye, viungo vilivyosambaa vinaweza kuishia kwenye kosa la 404 (ukurasa haupatikani). Ikibidi kubadilisha, weka uelekezaji wa 301, unaosema "imehama kwa kudumu". 302 ni ya kuhama kwa muda.

Ukishahifadhi, kama ukurasa wa mwanzo unafunguka lakini machapisho yote yanatoa 404, rudi palepale uhifadhi tena bila kubadilisha kitu. Ikigoma, na seva inatumia programu ya Apache, angalia faili lake la mipangilio, .htaccess: mara nyingi WordPress haina ruhusa ya kuliandika.

#5
Kategoria ni sura za kitabu, tagi ni faharasa yake. Kategoria chache zinatosha. Tagi ya chapisho moja tu haimsaidii msomaji, inazalisha ukurasa wenye chapisho hilo moja tu.

#6
Kama blogu haionekani Google, kabla ya kuhangaika na SEO (mbinu za kuonekana kwenye injini za utafutaji) fungua Mipangilio, Usomaji, uone kama kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kimewekwa alama. Wengi hukiweka wakati wa kujenga, wakakisahau.

#7
Bakapu, yaani nakala za akiba, jamani! Zina sehemu mbili: hifadhidata, yenye maandishi, maoni na mipangilio, na folda ya wp-content, yenye picha, mandhari (muonekano wa blogu) na plagini (programu ndogo za nyongeza). Faili la XML ambalo WordPress hukupa la kuhamisha maudhui halibebi picha zenyewe, linabeba anwani zake tu. Seva ya zamani ikizimwa, picha zimekwenda. Na bakapu isikae kwenye seva ileile ya blogu.